Jiwe, Tope, Mzizi

"Jiwe," ilisema sauti ya mbele.

"Jiwe," Nakijwa akaitikia, akilipitisha neno nyuma bila kugeuka.

"Jiwe," akasema aliyemfuata, na neno likaendelea kushuka mlima, mdomo kwa mdomo, mpaka likafifia huko chini kwa watu ambao Nakijwa hakuwajua idadi wala sura.

Akanyanyua mguu juu zaidi ili alivuke hilo jiwe. Jiwe halikuwepo. Mguu ulitua kwenye udongo laini, ulio sawa kama sakafu ya jikoni iliyofagiwa sasa hivi, naye akayumba, kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha kujiandaa kwa kitu na kitu hakikutokea. Hii ilikuwa mara ya saba tangu waanze kupanda. Alikuwa akizihesabu. Zamani hakuwa akizihesabu.

Ilikuwa saa ile ambayo usiku umekwisha chakaa lakini asubuhi bado haijakubali kuja. Mji mzima ulikuwa mlimani. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, watu wa mji ule walitoka majumbani mwao gizani, wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia yenye upana wa mtu mmoja, wakapanda kwenda kuliona jua kabla jua halijawaona wao. Waliamini kwamba mtu anayeonwa na jua kabla hajaliona huwa mali ya jua kwa mwaka mzima: hutumwa, huchoka, huzeeka. Anayetangulia kuliona hujimiliki mwenyewe. Nakijwa alikuwa ameliamini jambo hilo kwa miaka arobaini na sita, na kila mwaka alikuwa ametumwa, amechoka na amezeeka kama wenzake wote. Hata hivyo hakuwahi kuziweka hizo habari mbili pamoja, moja kando ya nyingine, akazitazama.

Hawakubeba taa. Hakukuwa na sheria wala mtu aliyekataza. Ni kwamba tu hakuna aliyewahi kumwona mtu na taa kule, na jambo lisilowahi kuonwa lina nguvu kuliko amri, kwa kuwa amri unaweza kumuuliza aliyeitoa. Majina nayo yaliachwa nyumbani, mlangoni, pamoja na kandambili. Njiani, aliye mbele yako huitwa Mbele. Aliye nyuma yako huitwa Nyuma. Kila mtu ni Nyuma wa mmoja na Mbele wa mwingine. Nakijwa alipokuwa msichana aliwahi kumuuliza mama yake: sasa mimi, nikiwa peke yangu, ni nani kati ya hao wawili? Mama akamwambia atembee, anazuia watu.

Mtu hufichika gizani lakini tabia zake hazifichiki. Mbele wa Nakijwa alikuwa na kikohozi cha vumbi la mbao, na kwa kikohozi hicho alimjua kuwa ni mzee Mrutu, seremala aliyestaafu randa lakini hakustaafu ukali. Nyuma wake alihema haraka haraka, mhemo wa watu wawili ndani ya kifua kimoja. Huyo alikuwa Naetwe, binti aliyeolewa mjini mwaka huo, mwenye mimba ya miezi saba.

Lakini miaka miwili iliyopita, aliyekuwa mbele yake hakuwa mzee Mrutu. Alikuwa Sekiete, mdogo wake Nakijwa, mwanamume wa miguu mirefu na subira fupi. Walipofika mahali njia inapoanza kubana alisimama, jambo lisilofanywa, akamnong'oneza kwa kinywa chenye harufu ya tangawizi: "Dada, haya maneno yanatoka kwa nani? Nakwenda kuangalia." Hakungoja jibu. Nakijwa alisikia majani yakilala kando ya njia, akaihisi baridi ya pengo mbele yake, pengo la upana wa mtu. Akapiga hatua mbili. Pengo likazibika. Hakusema neno. Hatua mbili tu, hata mtoto angezipiga, na tangu siku ile haukupita usiku bila yeye kuzipiga tena akiwa kitandani, miguu ikitikisika chini ya shuka.

Sekiete hakurudi. Wakubwa wa mji walikuja na kitambaa cha manjano, wakakitundika juu ya mlango wake, wakasema jua limempokea. Majirani walileta maziwa na ndizi za kupika. Waliotaka kulia walilia jikoni, kwa sauti ndogo, kwa kuwa kumlilia aliyepokelewa na jua huhesabiwa kuwa ni kumwonea wivu.

"Tope," akasema mzee Mrutu.

"Tope," akasema Nakijwa. Njia ilikuwa kavu. Vumbi lilimwingia puani.

Hatua kumi baadaye ugoko wake ulijigonga kwenye kitu kigumu, kikavu, chenye makali. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Lilikuwa jiwe, jiwe la kweli, kubwa kama kinu, limekaa katikati ya njia bila kutangazwa na yeyote. Kabla hajafungua kinywa alisikia nyuma yake mwili ukianguka, si kwa kelele, ila kwa kile kishindo kizito cha gunia linaloshushwa.

"Naetwe!"

Alikuwa ametamka jina. Pande zote mbili za mstari watu waliguna.

"Niko hapa," alisema binti, sauti imemkauka. "Nimeangukia mikono. Nadhani nimeangukia mikono. Mbele, mbona hukuniambia?"

Nakijwa alimpapasa mabega, akampapasa tumbo lililokaza kama ngoma, akamwinua. Kisha akamgeukia aliye juu yake. "Mzee, hapa pana jiwe. Hukuliona?"

"Sikuambiwa jiwe," alijibu mzee Mrutu.

"Lakini umelivuka. Nimesikia fimbo yako ikiligonga."

"Nimelivuka, ndiyo. Lakini sikuambiwa. Nitatangazaje jiwe ambalo sikuambiwa? Kila mtu akianza kusema anachokanyaga yeye, hii itakuwa safari au soko? Tembeeni."

Kitu fulani kikatulia ndani ya Nakijwa, kama vumbi linavyotulia baada ya mlango kufungwa. Akamshika Naetwe mkono. "Mwanangu, natoka mstarini. Nakwenda mbele."

"Usiende. Ukienda nitamfuata nani?"

"Tembea polepole. Papasa kwa mguu kabla hujakanyaga. Na hapa nilipokuwa, pasizibwe. Watakwambia uzibe. Usizibe."

Akatoka njiani.

Usiku una kando, na mtu asiyewahi kutoka mstarini hajui. Kando ya njia majani yalikuwa na umande, mawe yalikuwa mawe na mizizi ilikuwa mizizi, na kila kitu kilimwambia chenyewe kilivyo mara tu alipokigusa. Alipanda kwa mikono na miguu, mgongo ukichomwa na miiba, mstari wa watu ukiwa upande wake wa kulia kama ukuta unaopumua. Aliwapita mmoja mmoja. Kila alipompita mtu alisikia neno likipokelewa na kutolewa, likipokelewa na kutolewa, jinsi ndoo za maji zinavyopitishwa kwenye moto. Ila hapa hakukuwa na moto, na alianza kushuku kwamba ndani ya ndoo hamkuwa na maji. Nani alisema kwanza. Mdomo gani. Kama kila mtu amesikia kwa mwingine, basi yuko mmoja ambaye hakusikia kwa mtu. Huyo ameona. Au hakuona. Kama ameona, mbona jiwe halipo pale aliposema lipo? Kama hakuona, mimi miaka yangu yote nimekuwa nikinyanyua miguu kuvuka nini? Miguu yangu imechoka kwa kuvuka nini?

Alimpita mwanamke aliyesema "mzizi" kwa sauti ya mama yake, aliyezikwa miaka kumi na tisa iliyopita. Alisimama, akasikiliza. Sauti ilikuwa ile ile, na ule mvuto mdogo wa pua mwishoni. Alinyoosha mkono lakini mwanamke alikwisha kupita, au yeye ndiye aliyepita. Mbele kidogo mtoto wa kike aliuliza, "Sasa mimi, nikiwa peke yangu, ni nani?" na mtu akamwambia atembee, anazuia watu. Nakijwa alitaka kuinama amwambie mtoto yule jambo moja la kumsaidia, lolote lile. Akatafuta. Hakulipata. Mtoto akaenda zake, na Nakijwa akabaki ameinama juu ya majani kama mtu aliyeangusha sindano.

Akaendelea. Na kadiri alivyopanda aligundua kitu kilichomtia ubaridi kuliko umande. Huko chini, mahali alipozoea kutembea, neno "jiwe" lilisemwa kama amri. Katikati lilisemwa kama habari. Huku juu lilisemwa kwa kusitasita, karibu liwe ombi. Alikuwa amedhani kwamba uhakika huanzia juu na kuteremka. Kumbe ulizaliwa njiani, ukinenepa kwa kila mdomo ulioupitisha.

Alijua amefika mwisho wa mstari, au mwanzo wake, pale mkono wake ulipopapasa mbele ukakuta hewa tupu. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki upande wake wa kulia, akitembea kwa kuburuza miguu, akihema kama aliyebeba mzigo ambao si wake.

"Nani huyo?" mtu yule aliuliza.

"Nyuma. Na wewe ni nani?"

"Mbele."

"Mbele wa nani?"

"Wa wote," alisema. "Mungu anisamehe."

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa sauti ya sokoni, ya mtu mpole anayekaa kwenye kigoda, waya mdomoni, miavuli iliyovunjika ikimzunguka kama popo waliolala.

"Kiangi? Kiangi fundi miavuli?"

"Usiniite jina huku, dada Nakijwa. Na usisimame. Tukisimama watatupanda mgongoni."

Akatembea kando yake. "Unaona nini huko mbele?"

"Sioni kitu. Sijawahi kuona."

"Na hayo mawe unayoyatangaza?"

"Nikinyamaza wanauliza," alisema Kiangi. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno yake miaka mingi akimngoja wa kumwambia. "Nilijaribu. Mwaka mmoja nilinyamaza hatua ishirini. Wakaanza kuniita, Mbele, Mbele, wamejaa hofu, wengine wanalia. Basi nikasema jiwe. Wakatulia. Mtu akiambiwa pana jiwe anatulia, anajua yuko anayeangalia. Nikichoka na mawe nasema tope. Nikiwahurumia nasema mzizi."

"Na tumefika? Kila mwaka hushuka neno tumefika."

"Nikiona ukungu umekuwa mweupe nasema tumefika. Popote tulipo."

Nakijwa akahesabu. Miaka arobaini na sita. "Nani alikuweka hapa?"

"Baba alikuwa mbele yangu. Siku moja sikuzisikia tena hatua zake. Mimi nikaendelea. Huko ndiko kuwekwa kwenyewe."

Nyuma yao vifua vya watu vilikuwa karibu mno, joto lao likiwapiga shingoni.

"Ndugu yangu alikuja huku," alisema Nakijwa. "Miaka miwili."

"Alikuja."

"Kiangi."

"Aliniuliza hayo hayo unayoniuliza. Nilipomjibu akacheka, dada. Hakukasirika. Akacheka, akanipiga bega, akasema maskini wewe, nipishe basi, acha nitangulie mimi. Nikampisha. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilikuwa na mtu mbele yangu. Hatua nne nilizisikia. Ya tano sikuisikia."

Nakijwa akapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Neno nililotaka kusema ni shimo. Lilikuwa hapa, juu ya ulimi. Lakini watu wote wale, gizani, kwenye kijia kama hiki, wakisikia shimo! Wangekanyagana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kwa hiyo nikakata kona, nikasema..."

"Jiwe," alisema Nakijwa.

"Jiwe."

"Ukaja nyumbani kwangu. Ulileta ndizi."

"Nilileta ndizi," alisema Kiangi.

Kama angekuwa na kisu, hatujui angefanya nini. Hakuwa nacho. Alikuwa na mikono miwili yenye miiba, na ghadhabu iliyokuja ikakuta mlangoni imetanguliwa na hatua zile mbili alizozipiga mwenyewe kuziba pengo. Ghadhabu na hatia zikajibanza kifuani mwake, hakuna iliyotaka kutoka kwanza. Ndipo alipohisi kwamba Kiangi anatetemeka.

"Ni nini?"

"Mwaka jana niliwazungusha kwenye kilima cha chini mpaka kulipokucha. Niliapa sitarudi huku. Sijui leo imekuwaje, miguu imenileta yenyewe. Nimekuja nimeshika mwamba kwa mkono wa kushoto, na sasa hivi, dada, mwamba umekwisha. Siku ile uliisha hivi hivi."

"Basi simama!"

"Siwezi! Hawaoni kama nimesimama. Wananisukuma!"

Ilikuwa kweli. Mstari ulikuja na uzito wa mji mzima, na hakuna aliyekuwa akisukuma. Kila mmoja alikuwa anatembea tu. Nakijwa alifikiri kwa kasi ambayo hakujua anayo. Akisema shimo, watageuka nyuma na kukanyagana, na Naetwe yuko katikati. Akisema simameni, neno litafika chini likiwa limechelewa, na kabla halijafika miguu ya chini itakuwa imeisukuma ya juu. Maneno yalikuwa mepesi mno kwa kazi hii. Yalikuwa yamesemwa bure kwa miaka mingi mno.

Alijitosa katikati ya njia, akamshika mkono mtu wa pili, mwanamke mwenye viganja vilivyopasuka kwa sabuni. "Kaa chini. Hapo hapo. Mshike mkono aliye nyuma yako, umvute chini naye. Umvute kwanza, useme baadaye."

"Nani wewe?"

"Kaa!"

Akamvuta kwa nguvu zote, wakaanguka pamoja. Mtu wa tatu alijikwaa juu yao, mwanamke akamdaka kanzu, akamketisha. Wa nne alimkanyaga Nakijwa mgongoni, akapita, akamgonga Kiangi. Kiangi alitanua miguu, akawapa mgongo, akakaza. Wa tano akamgonga. Changarawe zikateleza chini ya viatu vyake na Nakijwa akazisikia zikienda, zikaenda, wala hakusikia zikitua. "Kaa!" alipiga kelele, na mkono ukavuta mkono. Kiangi akapiga magoti. Mtu mwingine akaketi, na mwingine. Kisha uzito ukaanza kupungua. Mtikisiko wa kuketi ulishuka mlimani kama kitambaa kinachokunjwa, ukifanya sauti ambayo mlima ule haukuwahi kuisikia kutoka kwa watu wake, sauti ya mji unaokaa chini.

Halafu kutoka chini kabisa, kitu kikaanza kupanda. Mwanzoni kilikuwa mnong'ono, kisha kikawa neno, likiletwa juu mdomo kwa mdomo.

"Kwa nini?" alisema mwanamke wa viganja vilivyopasuka, aliyelipokea. "Wanauliza kwa nini."

"Haijawahi kupanda kitu," alinong'ona Kiangi. "Maneno hushuka tu."

"Wajibu."

"Wajibu wewe."

"Mimi si Mbele wao. Wajibu, Kiangi."

Nakijwa alisikia ulimi wake ukitafuta mahali pa kuanzia. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa: "Mbele kuna shimo. Na mimi sioni."

"Mbele kuna shimo, na mimi sioni," alisema mwanamke, akimgeukia wa nyuma yake.

"Mbele kuna shimo, na mimi sioni," alisema wa tatu.

Nakijwa alisikiliza jawabu likishuka, akingoja ligeuke jiwe njiani. Halikugeuka. Lilipita kwa wazee, lilipita kwa watoto, wanaume wenye sauti nzito walilisema na wengine walikwama katikati wakaanza upya. Na kwa kuwa kila mtu alilipitisha kama alivyolipokea, kila mtu alijikuta amesema juu yake mwenyewe jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele ya watu. Na mimi sioni. Na mimi sioni. Hakuna aliyekimbia. Ilikuwa kana kwamba watu wote walikuwa wamelijua.

Si wote waliolikubali. Fimbo ilisikika ikigonga mawe kutoka chini, na kikohozi cha vumbi la mbao.

"Nani amekalisha watu?" aliuliza mzee Mrutu, akihema. "Jua linakaribia! Tutaonwa hapa tumekaa kama kuku! Nimepanda mlima huu mara hamsini na tatu."

"Umefika mara ngapi, mzee?" Nakijwa alimuuliza. Hakukejeli. Alitaka kujua.

"Mara hamsini na..." Akanyamaza. Walipomsikia tena, sauti yake ilikuwa imepanda, nyembamba. "Nipisheni. Nipisheni, nitakwenda peke yangu."

"Sikupishi," alisema Kiangi.

"Nipishe, mjinga wewe!"

"Nilimpisha mmoja. Wewe sikupishi."

Fimbo ikampiga begani, ikampiga tena. Kiangi alimkumbatia mzee miguu yote miwili, akaficha uso kwenye magoti yake, akapigwa. Nakijwa aliinuka kumzuia, lakini fimbo ilikwisha kuchoka yenyewe. Mzee Mrutu aliteremka taratibu, akakaa juu ya changarawe karibu na aliyempiga, akasema kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua: "Hamsini na tatu."

Asubuhi haikuja kwa utukufu. Giza lilikuwa jeusi, likawa la majivu, kisha watu wakawa na pua. Njia ilikatika hatua tatu kutoka magoti ya Kiangi, imekatwa kama mkate. Chini yake palikuwa na korongo refu lenye ukungu. Kilele, kile walichodhani wanakiendea miaka yote, kilikuwa nyuma yao, upande wa pili wa bonde jingine, juu ya mlima ambao hawakuwahi kuukanyaga. Na jua lilichomoza kutoka huko huko nyuma, likawakuta wameketi, wengi wamelipa mgongo. Liliwaona kwanza. Waligeuka wakalitazama, wakajitazama mikono, wakitafuta kilichobadilika. Huko chini kwenye mteremko Nakijwa aliona mstari mrefu wa watu waliokaa, na katikati yake pengo moja la upana wa mtu, na nyuma ya pengo binti ameegemea mikono, tumbo juani.

"Mama!" aliita Naetwe. "Walinisukuma sana, lakini sikuziba! Na huyu ananipiga mateke!"

Nakijwa alimpungia mkono. Alitaka kwenda kwake. Badala yake aligeukia korongo.

Mji ulishuka kwa njia ya nyuma, mchana kweupe, kila mtu akiangalia mguu wake mwenyewe. Nakijwa alitafuta mahali ambapo ukingo ulilegea, akaanza kuteremka kwa makalio, akishika mashina. Baada ya muda alisikia mawe yakiporomoka juu yake. Kiangi alikuwa anamfuata, mkono mmoja umevimba. Hakumwita. Hakumkataza. Waliteremka hivyo mpaka jua likawa utosini, au labda jua lilikuwa pale pale na wao ndio waliokuwa wakizeeka. Nakijwa alipoangalia mikono yake kwenye mashina aliona mikono ya mama yake, na hakushtuka.

Chini ya korongo palikuwa na shamba la viazi. Mwanamke wa makamo, mwenye gauni lililofungwa kiunoni, alikuwa anapalilia. Aliwaona, akaegemea jembe, akawatazama kutoka vichwani mpaka miguuni, akarudi kutazama miguu.

"Habari za hapa," alisema Nakijwa.

"Njema. Mmekuja wawili?"

"Wawili."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Mwanamke akatikisa kichwa. "Nimeishi hapa tangu niolewe. Watu wa juu hunijia, lakini ninyi ndio wa kwanza kuja kwa miguu." Akanyoosha kidole upande wa mwisho wa shamba, mahali mistari ya viazi ilipoacha nafasi kwa vifusi vya udongo, vingi, vingine vimekwisha kuwa tambarare. "Nawazika pale. Sijui majina yao, kwa hiyo nawaita kwa siku walizokuja."

"Miaka miwili iliyopita," alisema Nakijwa. "Mwanamume. Mrefu."

"Mrefu, ndiyo. Jumanne." Aliwatangulia kati ya mistari, akiangalia asikanyage mimea yake. "Huyu hakufa papo hapo kama wengine. Alivunjika nyonga. Nilimpa uji, akanywa kidogo. Alikaa siku moja nzima, na usiku wake, na muda wote huo alikuwa anaita kuelekea juu. Nilimwambia, kaka, pumzika, watu wako wamekwisha kwenda. Akasema hapana, bado wako njiani, lazima wajue. Shimo, anaita. Shimo! Mpaka sauti ikamkauka." Akasimama kando ya kifusi cha udongo kilichofunikwa na magugu. "Iliniuma kumsikia. Ni mbali sana kule. Sauti haiwezi kufika."

Nakijwa alipiga magoti. Magugu yalikuwa marefu, na mizizi yake ilikuwa imekwenda chini.

"Ilifika," alisema Kiangi.

Mwanamke wa viazi alimtazama. Nakijwa hakumtazama. Kisha Nakijwa akashika gugu la kwanza karibu na ardhi, akalizungusha kiganjani, akaling'oa. Akang'oa la pili. Kiangi alipiga magoti upande wa pili wa kaburi, akaanza kung'oa kwa mkono wake mmoja mzima, vibaya, akikatia juu na kuacha mizizi. Nakijwa aliyaona anayoyaacha. Akaunyoosha mkono upande wake, akaanza kuyang'oa upya, moja moja.

"Jina lake Sekiete," alimwambia yule mwanamke, bila kuinua kichwa.